Fanyeni Kama Mimi

Mimi nafundisha darasa la pili, na mwalimu wa darasa la pili ni kama mtu anayeletewa chungu kilichokwisha kuinjikwa na mwingine: chumvi ikizidi lawama si yake, lakini kula atakula. Kwa miaka mingi chungu changu kilipikwa na mzee wa darasa la kwanza tuliyemwita Babu Chaki, na sikuwahi kukilalamikia. Mengine nayalalamikia sana, waulize. Wanafunzi wananiita Bi Kengele, na si kwa uzuri wa sauti. Kengele ya shule ilipoibwa, Mwalimu Mkuu alinitazama mara moja tu, akanyamaza, na mpaka leo haijanunuliwa nyingine.

Babu Chaki hakumpa mtoto penseli kabla hajaistahili. "Mkono usiojua njia ukipewa penseli utapotea nayo," alisema. Kwanza waliandika hewani. Alisimama mbele akawapa watoto mgongo, maana ukiandika hewani huku umewakabili, kulia kwako ni kushoto kwao, na herufi zinatoka zimegeuka kisogo. Basi aliwapa mgongo, akanyoosha mkono wote kuanzia begani, akasema neno lake lilelile la miaka yote: "Fanyeni kama mimi."

Na darasa zima likainua mikono.

"Shuka! Panda, pinda, shuka! Panda, pinda, shuka! Pumzika."

Hiyo ndiyo m. Ikishaiva hewani, waliiandika kwa kidole juu ya dawati, kisha kwenye mchanga uliotandazwa juu ya sinia la bati, kisha kwa chaki kwenye kibao. Penseli ilikuja mwisho, kama mgeni rasmi.

Halafu, mwaka unapoelekea ukingoni, ilikuja Siku ya Jina. Kila mtoto aliitwa ubaoni. Babu Chaki alisimama nyuma yake, akamtia chaki mkononi, akaufunika mkono ule kwa mkono wake, na kwa pamoja wakaliandika jina la mtoto mara moja tu. Kisha likafutwa, na mtoto akaliandika peke yake huku wazazi wakichungulia madirishani. Kwetu hilo linaitwa kushikwa mkono. Seremala alishikwa, mkunga alishikwa, Mwalimu Mkuu mwenyewe na suti yake alishikwa. Kinyozi wa pale kona alishikwa pia, ndiyo maana kibao cha duka lake kina m zenye vilima viwili vilivyolingana, kama zilizotoka kiwandani. Nywele anazokata hazilingani, lakini hilo si kosa la mwalimu wake.

Mimi sikushikwa. Nilihamia mtaa huu nikiwa mjane, na godoro moja na sufuria zangu, na mwandiko ambao Babu Chaki aliuita nyayo za kuku aliyekimbizwa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwake kabla ya kustaafu, na katika darasa lake alikuwamo mjukuu wake. Alimwita Mchumba, kama babu wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na shule nzima ikamwita hivyo. Baba yake Mchumba, mtoto wa pekee wa kiume wa mzee, alikwenda kutafuta kazi mbali akarudishwa ndani ya sanduku. Mama akaolewa kwingine. Wakabaki wawili, babu na mjukuu, wakija shule asubuhi wameshikana mikono, mmoja akipunguza mwendo na mwingine akiuongeza ili walingane.

Niliona chaki ikimdondoka mara ya kwanza, nikamtania. "Mzee, leo chaki imekukataa?"

"Imezeeka," akasema. "Inataka kukaa chini."

Ilipodondoka tena na tena, utani ukanikauka mdomoni. Asubuhi moja nikamkuta darasani peke yake, kabla ya watoto kufika, mkono wa kulia ameukandamiza juu ya meza kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemzuia kuku asiruke. Alipouachia, ukaanza kutetemeka.

"Daktari anasema ni mishipa ya fahamu," akaniambia. "Dawa ipo ya kuupunguza. Ya kuuondoa haipo."

"Mkuu anajua?"

"Hajui. Na wewe hujui." Kisha akalegeza sauti. "Bi Kengele, nifikishe Siku ya Jina tu. Baba yake nilimshika mkono pale ubaoni. Nimshike na yeye, basi. Baada ya hapo nitakaa nyumbani nichekwe na kuku."

Tukapanga. Kila asubuhi nilitangulia kufika, nikamwandikia ubaoni herufi za siku ile, naye mchana akazielekeza kwa fimbo ndefu aliyoiegemeza ubaoni, ikaficha mtetemo wake kidogo. Lakini kabla sijaruhusiwa kugusa ubao wake, ilibidi nifundishwe upya. Mwanamke mzima, mwenye cheti!

"Shuka, Bi Kengele, shuka. Unakwenda wapi tena huko?"

"Nashuka, mzee."

"Huko si kushuka, ni kuanguka. Futa."

Nilifuta mpaka vumbi la chaki likanitia mvi za bure. Mwandiko wangu ukanyooka uzeeni. Kitu kimoja tu sikuweza kumsaidia: hewani. Pale alisimama mwenyewe, mgongo kwa watoto, mkono juu, kama alivyofanya siku zote. Na saa ile mimi nilikuwa darasani kwangu nikipiga kelele zangu, kwa hiyo sikuona.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Cherehani, mshonaji, amemkamata mkono mwanawe tunayemwita Kifungo.

"Walimu, mwanangu ana nini?" akasema barazani bila salamu. "Akishika penseli anatetemeka kama ana homa. Nimempeleka zahanati, muuguzi kampima weee, anasema mzima. Nyumbani ananitungia uzi kwenye sindano mara moja tu, haukosi tundu! Kijiko anashika vizuri. Penseli tu ndiyo inamtetemesha."

"Ugonjwa unaochagua kazi?" nikasema. "Marehemu mume wangu alikuwa nao. Jembe lilimtia homa, kijiko kikamponya."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Siku chache baadaye akaja kinyozi na binti yake, shida ileile. Kisha mwingine, na mwingine. Mtaani wakaanza kusema ni maji ya bomba la shule. Wengine wakasema ni chaki mpya, ina sumu. Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano wa wazazi.

Babu Chaki alikaa mstari wa nyuma, mikono yote miwili mifukoni. Muuguzi wa zahanati alisimama akaeleza kwamba watoto aliowapima hawana ugonjwa anaoujua. Akaongeza, kwa unyofu wake, kwamba yapo mengi asiyoyajua. Angeishia kwenye sentensi ya kwanza. Wazazi walilipuka.

"Kwa nini darasa la kwanza tu?" Mama Cherehani akauliza. "Wa darasa la pili wazima, la tatu wazima. Mle ndani mna nini?"

Nilimtazama mzee. Uso wake ulikuwa umepauka kama ubao uliofutwa vibaya.

Tangu siku ile akabadilika. Asubuhi walikuja shule yeye mbele, Mchumba nyuma, mkono wa mtoto ukining'inia bila mwenzake. Wakati wa mapumziko Mchumba akanijia barazani.

"Bi Kengele, Babu kanikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie, Mchumba?"

"Hataki nimshike. Na sahani yake anaiosha peke yake, ananiambia nisiiguse."

Nikamfuata mzee hapohapo. Alikuwa nyuma ya darasa, akinawa mikono kwenye ndoo, akiisugua kwa sabuni kama mtu aliyeshika lami.

"Mzee, mtoto analia."

"Ni mimi," akasema bila kugeuka. "Nimewaambukiza."

"Daktari alikwambia ugonjwa huu unaambukiza?"

"Alisema hauambukizi. Lakini daktari anakaa na watu wazima. Hajakaa na watoto wadogo siku nzima, mwaka mzima, akiwashika vidole." Akainua mikono ikichuruzika maji, inatetemeka. "Nimefundisha maisha yangu yote, Bi Kengele, nije nimalizie kwa kuwalemaza? Na Mchumba? Mtoto wa marehemu?"

Nikamwaga yale maji ya ndoo, nikarudi darasani kwangu.

Kesho yake niliwapa watoto wangu kazi ya kunakili, nikamweka kiranja mbele, nikatoka. Nilitaka kuona kwa macho yangu huo ugonjwa unaingiaje. Nikapita kwenye dirisha la darasa la kwanza.

Babu Chaki alikuwa mbele, mgongo kwa darasa, mkono hewani. "Shuka," alisema, na mkono ukashuka ukitikisika, kama kamba ya kuanikia nguo inayopigwa na upepo. "Panda, pinda, shuka."

Na nyuma yake watoto wote, ndimi nje, macho yamekodolewa kwenye mkono ule, walikuwa wameinua mikono yao, wakiitetemesha. Si ovyo ovyo. Kwa makini. Ulipotikisika sana, wakatikisa sana. Ulipotulia kidogo pale kwenye kona, wakatulia. Kifungo alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto na kuutingisha, maana wenyewe haukutetemeka vya kutosha.

Nilishika nondo za dirisha. Kisha nikaingia.

"Mwalimu, samahani. Geuka."

"Sijamaliza m."

"Geuka nayo hivyohivyo."

Akageuka, mkono ungali juu. Watoto hawakushusha ya kwao, kwa sababu yeye hakushusha. Wakabaki wanatazamana, mwalimu na darasa, mkono mmoja unatetemeka mbele na msitu wa mikono midogo unatetemeka nyuma, na hakuna aliyecheka.

Babu Chaki akashusha mkono. Yote ikashuka. Akauinua tena, polepole, ukitetemeka. Yote ikainuka, ikatetemeka.

"Kifungo," nikaita, na sauti yangu kwa mara ya kwanza haikufika ukutani. "Kwa nini unatetemesha mkono?"

"Babu kasema tufanye kama yeye."

"Na hizi za ubaoni? Mbona hizi zimenyooka?"

"Hizo si umeandika wewe?" Kifungo akanishangaa. "Tunakuona asubuhi dirishani."

Darasa likacheka. Mchumba hakucheka. Alikuwa anamtazama babu yake.

"Pumzikeni," mzee akasema. Akakaa kwenye kidawati cha mbele, kile cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Akacheka kicheko kifupi kama kikohozi.

"Hawaumwi," akasema.

"Hawaumwi, mzee. Wametii tu."

"Mtoto wa marehemu haumwi."

"Mzima kabisa."

Akamwita kwa kichwa. Mchumba akaja, na babu yake akamshika mkono kwa nguvu, mikono yote miwili, na ule wa mtoto ukatikisika ndani yake kama kifaranga. Wakakaa hivyo. Nilidhani furaha ndiyo imemfunga mdomo, mpaka nilipomsikia anasema, si kwangu, wala kwa mtoto: "Nilidhani wananisikiliza. Kumbe wananitazama."

Hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nami nikamfuata nikasimama mlangoni kama shahidi asiyealikwa. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu," akasema, "kaa mpaka Siku ya Jina. Wazazi niachie mimi. Hakuna mtu mtaa huu atakayekukatalia. Mimi mwenyewe ulinishika mkono."

"Ndiyo maana nakwambia hapana," Babu Chaki akamjibu. "Fundi akiwa na futi iliyopinda, mwanangu, hapewi amalizie nyumba kwa sababu anapendwa. Nyumba ndiyo itakayoanguka." Akaweka mezani ufunguo wa kabati la chaki. "Mpe Bi Kengele. Mwandiko wake sasa unasomeka."

Ndivyo alivyokitoa kile kimoja tu alichoniomba nimfikishe, akakiweka juu ya meza ya mtu mwingine. Nje akaniambia, "Usinitazame hivyo. Nenda kafundishe."

Nikawa na madarasa mawili, la pili asubuhi na la kwanza mchana. Kunyoosha kilichopinda kunachosha kuliko kuanza upya. Niliwapa mgongo, nikainua mkono, nikasema shuka, na mikono ikashuka ikitetemeka. Nilipowakataza, wengine walilia. Binti wa kinyozi aliniambia usoni, "Hiyo siyo m ya Babu." Sikumkaripia. Alikuwa na haki. Lakini mikono ya watoto ni kama maji, haikai na kinyongo, na wiki zilivyopita mitetemo ikawatoka mmoja mmoja. Mama Cherehani alikuja kunishukuru. Nilimwambia ashukuru kwingine.

Siku ya Jina ikafika. Wazazi walijaa madirishani. Mwalimu Mkuu alileta kiti cha ofisini kwake, kile chenye mto, akakiweka nyuma ya darasa, na Babu Chaki akakaa, mikono kaifungia katikati ya magoti. Nikaanza kuita. Nilisimama nyuma ya kila mtoto, nikaushika mkono wake, tukaandika. Nilisikia joto la kila kiganja na ule unato wa jasho, nikaelewa kwa nini mzee hakuwahi kuomba kupandishwa darasa.

Kifungo aliandika jina lake kubwa mno likaishiwa ubao. Watu wakapiga makofi.

Nikamwita Mchumba.

Alikuja, lakini nilipotaka kuushika mkono wake akauficha nyuma ya mgongo.

"Anashika Babu," akasema.

Nikatazama nyuma. Mzee akatikisa kichwa. "Mchumba," akasema kwa upole, "mkono wa Babu umeharibika. Shikwa na Bi Kengele."

"Basi sishikwi."

"Mke wangu, usiniaibishe mbele za watu," akatania.

Mchumba alichukua chaki mwenyewe. Akaandika jina lake bila kushikwa na mtu. Lilikuwa zuri, herufi zimesimama wima, vilima vimelingana kama vya kibao cha kinyozi. Dirishani mtu akasema, "Yule ni damu yake." Mchumba akaacha nafasi ya kidole kimoja, kama tulivyomfundisha. Kisha akaanza jina la pili, la ukoo, ambalo ndilo jina la babu yake.

Kiwiko kikaanza kucheza. Mkono ukatetemeka kuanzia begani, na kila mstari ukashuka ukijikunjakunja, taratibu, bila kuruka hata mmoja. Nilisogea na kifutio.

"Mchumba, hili la pili limekuwaje? Si uliandike kama la kwanza?"

Akanitazama kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Lile langu," akasema. "Hili la Babu."

Sikufuta. Hakuna aliyepiga makofi pia. Nyuma, Babu Chaki alikuwa anasoma, midomo ikisema kimyakimya shuka, panda, pinda, akilifuata jina lake mwenyewe kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Mkono ukamgomea mle mfukoni, ukahangaika, haukutoka. Mama Cherehani, aliyekuwa dirisha la karibu, akazunguka akaingia, akamtolea leso, akaikunjua, akamfuta uso kama anavyomfuta mwanawe.

Babu Chaki hakuimaliza likizo ya mwisho wa mwaka ule. Alikufa asubuhi, kwenye kiti chake mlangoni, wakati Mchumba yuko dukani kununua sukari. Kinyozi ndiye aliyeandika jina kwenye ubao wa kaburi. Alichelewa sana kulimaliza, na hakuna aliyemharakisha.

Mchumba akahamia kwa shangazi yake, akaja darasa langu. Kila alipoandika jina kwenye daftari, la kwanza lilisimama wima na la pili lilitetemeka. Wenzake walinishtakia. "Bi Kengele, Mchumba bado anatetemesha!" Nikawaambia kila mtu aandike lake. Mkaguzi alipopita akaniuliza kama yule mtoto ana tatizo la mkono, nikamjibu hana, na kwa namna nilivyojibu hakuuliza lingine.

Muhula wa pili, mchana mmoja, wengine wametoka kucheza, Mchumba akabaki kwenye dawati. Alikuwa ameandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi imetoboka.

"Kuna nini, mama?"

"Haliji," akasema. "Linanyooka lenyewe."

Nikatazama. Ni kweli. Mkono wake ulikuwa umekomaa. Mitetemo aliyoitia sasa ilikuwa kama meno ya msumeno, ya kuchora tu, haikuwa ile.

"Bi Kengele," akauliza, "Babu alikuwa anatetemeka hivi," akatikisa mkono haraka, "au hivi?" akautikisa polepole. "Nimesahau."

Nilitaka kumwambia kusahau si kosa. Nilitaka kumwambia anyooshe tu, Babu mwenyewe angetaka hivyo, na huenda kweli angetaka. Lakini mtoto aliniuliza swali la mwandiko, nami ni mwalimu.

Nikaenda mbele ya darasa. Nikampa mgongo, ili kulia kwangu kuwe kulia kwake. Nikainua mkono wote kuanzia begani, nikakumbuka zile asubuhi za vumbi la chaki, nikauacha utetemeke.

"Haya, Mchumba," nikasema. "Fanya kama mimi."